Kiwanja Timilifu

Kwetu, nje kidogo ya Malindi upande wa Ganda, kuna mwalimu mmoja mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Wako wengine. Hao wengine hukuuliza watoto wako wanaendeleaje. Huyu hukuuliza una watoto wangapi, na ukimjibu atatabasamu au atakunja uso kulingana na nambari uliyotaja. Kama watoto ni wazima au wana homa, hilo si somo lake.

Nimemjua tangu utotoni. Nyumba yake ya mawe iko ng'ambo ya kichochoro, mkabala na yetu ya udongo, na wazazi wangu walipofariki, baba kwanza na mama kabla mwaka haujaisha, yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima wa karibu zaidi nasi. Karibu kwa miguu, nasema. Watu wa mjini hupenda kumsifu, eti kichwa kama kile hakijapata kuonekana pwani hii. Kuhusu kichwa sibishi. Lakini mimi ndiye ambaye nusura nipoteze shamba la wazazi wangu pamoja na makaburi yao kwa sababu kichwa hicho kilipenda nambari. Shamba lenyewe hakulitazama hata mara moja. Alipenda nambari yake tu.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana kuuelewa ni rahisi, ni kuuponya ndiko kugumu. Kwa Mwalimu, kila nambari ina tabia yake, kama mtu. Unaichukua nambari, unatafuta zote zilizo ndogo kuliko hiyo ambazo huigawanya bila kubakisha, kisha unazijumlisha. Jumla ikiwa ndogo kuliko nambari yako, nambari hiyo ni pungufu. Ikizidi, ni tele. Ikiwa sawasawa, hapo Mwalimu huvua kofia. Hiyo ni timilifu. Sita ni timilifu, kwa sababu inagawanyika kwa moja, mbili na tatu, na ukizijumlisha hizo unarudi kwenye sita. Ishirini na nane nayo ni timilifu. Baada ya hiyo unangoja mpaka mia nne tisini na sita, na baada ya hiyo unangoja sana.

Mimi niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu, Karisa na Dama, wabaki nayo. Haya yote nimeyajua kwa sababu nashona makuti ya kuezekea, na mshona makuti ni mfungwa wa yeyote apendaye kuzungumza: mikono ina kazi, miguu imekunjwa, masikio yako wazi. Mwalimu aligundua hilo mapema. Alikuwa akivuka kichochoro na kigoda chake mwenyewe, anaketi kivulini, ananiuliza nimeshona mangapi. Nikimjibu, anayatazama makuti yangu kwa huruma.

"Pungufu," atasema. "Ongeza mawili yawe tele."

"Mwalimu, mteja hajali."

"Mteja ni mjinga. Wewe usiwe."

Siku moja hoteli ya Watamu iliagiza makuti mia tano. Tulishona mimi na Dama mpaka vidole vikawa kama mbata. Asubuhi ya kupakia niliingia ndani kubadilisha leso, na nilipotoka nikakuta Mwalimu ameyatoa makuti manne kwenye mzigo na kuyaegemeza ukutani. Alisimama kando yake akiwa na uso wa mtu aliyewaokoa watoto kisimani. Lori lilikwishaondoka.

"Sasa mzigo umekamilika," akasema. "Mia nne tisini na sita."

Msimamizi wa ile hoteli hakuona ukamilifu wowote. Aliona tundu juu ya meza ya wageni, na mvua ya vuli nayo ikaliona. Alinipigia simu akanitukana kwa lugha mbili. Nilipovuka kichochoro kumwambia Mwalimu, alinisikiliza kwa subira, kisha akaniambia kuwa mia tano ni nambari ya watu wavivu wa kuhesabu.

Kwenye tuktuk ndiko alikokuwa kichekesho cha mji. Hapandi tuktuk yoyote mpaka asome nambari yake ya usajili, na anazozipenda kwa safari ni zile zisizogawanyika kwa chochote ila moja na zenyewe. Hizo huitwa tasa. Anasema ndizo zinazosimama imara barabarani. Basi utamkuta stendi, jua la saa saba limemwangukia utosini, tuktuk tupu zinampita moja baada ya nyingine, naye anatikisa kichwa kama bibi harusi anayekataa posa. Madereva walimjua. Walijifunza kumpigia kelele: "Mwalimu! Mia tatu thelathini na moja! Mali safi hii!" Naye hupanda, kwa sababu ni kweli, hiyo haigawanyiki.

Dereva mmoja mjanja akamwita: "Mwalimu, njoo! Mia tatu tisini na moja, tasa kabisa!" Mwalimu akapanda bila kufikiri, labda kwa njaa. Walipokaribia Gede akapiga ubavu wa tuktuk kwa bakora.

"Simamisha! Kumi na saba mara ishirini na tatu! Simamisha nishuke!"

"Mzee, huku ni porini, bado hatujafika."

"Umeniweka ndani ya kumi na saba mara ishirini na tatu, na unaniita mzee?"

Alishuka. Akatembea kwa miguu hadi Gede, na huko, nasikia, alingoja tuktuk nyingine mpaka alasiri.

Hilo neno tasa aliniletea mimi pia. Alinisifu kisimani, mbele ya wanawake wote wenye mitungi: "Kadzo ndiye peke yake mtaani hapa aliye tasa." Alikusudia kusema kwamba sigawanyiki, kwamba mtu hawezi kunikata vipande. Ni sifa ya juu kabisa aliyonayo. Lakini mimi nilikuwa sijaolewa, na kisima kina masikio. Mama Sidi, jirani yetu wa nyuma, ambaye hajui kunong'ona, alimwambia pale pale: "We Mwalimu, mdomo wako ungekuwa na mlango, tungekununulia kufuli." Mwalimu akashukuru, akidhani ameungwa mkono.

Nilipotimiza miaka ishirini na nane alinijia asubuhi na mapema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hongera. Mwaka huu wewe ni timilifu."

"Ahsante."

"Utumie vizuri. Ukipita, itabidi uishi mpaka mia nne tisini na sita."

Mwaka huo nilipata malaria mara mbili, mchumba akanipotea njiani kuelekea Mombasa, na mbuzi wetu akala leso ya Dama. Nilipomkumbusha Mwalimu, aliniambia timilifu haina maana ya heri, ina maana ya timilifu.

Nisimchore upande mmoja tu, maana huyu mtu ana namna ya kukutendea wema ambayo hujui umshukuru au umfukuze. Siku tulipomzika mama, watu walikuja wengi kuliko mabenchi. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tumeketi mkekani, hatuoni mbele, na wazee wakihangaika kuwapanga watu safu sawasawa wasikilize mahubiri. Hawakupangika. Kila walivyopanga safu, mtu mmoja alibaki amesimama. Mwalimu akainuka, akawahesabu waombolezaji kwa kidole, mmoja mmoja, mchungaji akiwa katikati ya sala. Kisha akatangaza kwa sauti ya darasani kwamba idadi hiyo haigawanyiki, na kwamba hawatapangika mpaka mtu mmoja aondoke. Watu wakaguna. Mtu aondoke msibani? Aliyeondoka ni yeye. Alikwenda akasimama peke yake juani, nje ya ua, mpaka mahubiri yakaisha, na wote waliobaki walipata mahali pa kuketi. Mpaka leo sijui kama hilo nilihesabu kuwa tusi au heshima.

Na wadogo zangu aliwafundisha bure. Kila magharibi alivuka na taa yake mwenyewe, kwa sababu alijua yetu haina mafuta. Mafundisho yenyewe ni habari nyingine. Mtihani ulimuuliza Karisa fundi anahitaji mifuko mingapi ya saruji kujenga ukuta. Karisa akaandika jibu, na chini yake akaongeza kuwa nambari hiyo ni pungufu. Jibu lenyewe alilikosea. Kuhusu upungufu alikuwa sahihi. Mwalimu alipoiona ile karatasi alimkumbatia mtoto kama aliyeshinda kombe, na mimi nikaenda shuleni kumwomba mwalimu mkuu asimrudishe darasa.

Simu za mkononi hazipendi. Karisa alimwonyesha kwamba simu yake inaweza kugawanya nambari yoyote kwa kufumba na kufumbua. Mwalimu aliitazama ile simu, akasema, "Inahesabu, lakini haifurahi." Na watu je? Watu nao aliwagawa mafungu matatu yale yale. Chifu ni tele, kwa sababu ukijumlisha yaliyo ndani yake yanazidi cheo chake. Mchungaji ni pungufu. Ana msemo wake: "Mtu atakuficha yaliyo ndani. Nambari haifichi." Nilimwuliza yeye mwenyewe yuko fungu gani. Akanywa maji, akachukua kigoda chake, akaondoka.

Sasa niingie kwenye shamba.

Ardhi yetu huku watu wameilima tangu mababu, lakini karatasi hatukuwa nazo. Serikali ikaja na skimu, mpango wa kugawa ardhi. Wapima ardhi wakavuta kamba zao, wakasimika mawe ya mpaka, kila kiwanja kikapewa nambari. Nambari zilikuwa kubwa kwa sababu ziliendelea kutoka skimu nyingine. Kisha wakubwa wakaamua, kwa akili zao, kwamba haki ni kura. Kila mwenye nyumba aokote karatasi kwenye ndoo, halafu watu wabadilishane wenyewe kwa wenyewe mpaka kila mtu arudi palipo na nyumba yake. Mabadilishano yaandikwe kwa chifu, mwisho Ijumaa adhuhuri. Baada ya hapo, ulichonacho mkononi ndicho chako milele.

Ulikuwa upumbavu, lakini ulikwenda vizuri. Watu walipiga kelele uwanjani kama wauza samaki: "Nani ana changu? Nani ana cha mkorosho mkubwa?" Walikutana, wakacheka, wakaweka vidole gumba kwenye wino. Mimi nikafungua karatasi yangu nikaona elfu nane mia moja thelathini na moja. Karani akatazama ramani, akasema, "Hicho ni cha Mwalimu, penye nyumba ya mawe." Nikamtafuta Mwalimu.

Alikuwa amesimama karibu na ndoo, karatasi yake imefunguliwa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa na sauti ya marehemu.

"Elfu nane mia moja ishirini na nane," akasema polepole.

"Hicho ni kwetu!" nikapaza sauti. Watu wakapiga makofi. Mama Sidi akapiga kigelegele. Sisi tulikuwa tumebahatika kuliko wote, maana nyumba zenyewe zinatazamana. Nikamnyooshea karatasi yangu. "Chako hiki hapa, Mwalimu. Tubadilishane."

Aliitazama karatasi yangu kama mtu anayeonyeshwa samaki wa juzi.

"Arubaini na saba mara mia moja sabini na tatu," akasema. "Pungufu mno. Na haina furaha."

Furaha nayo ni hesabu. Unazidisha kila tarakimu ya nambari kwa yenyewe, unajumlisha, unarudia hivyo hivyo kwa kile ulichopata, na ukifika kwenye moja, nambari ina furaha. Ya kwetu ilifika. Ya kwake ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Ni nyumba yako, Mwalimu," nikamwambia.

"Najua ni nyumba yangu."

"Basi?"

"Sibadilishi."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa kisomi. Akakunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaenda zake.

Nilimfuata jioni. Alinipa chai ya rangi isiyo na sukari, akanieleza kwa upole kama anavyomweleza mtoto asiyejua kuazima katika hesabu za kutoa. Kwamba ile ni timilifu, ya nne tangu dunia ianze kuhesabiwa. Kwamba amefundisha miaka yote hiyo bila kutarajia kwamba atakuja kukanyaga juu ya moja.

"Ukiikosa hii, binti, inayofuata unajua ni ipi? Milioni thelathini na tatu, laki tano na nusu, na mia tatu thelathini na sita. Wapima ardhi wangepima mpaka Ngomeni, wakaingia majini, wakawapimia na papa, wasifike."

"Na baba na mama? Wako huko, nyuma ya nyumba."

"Sitawagusa. Nitawazungushia ua."

"Na sisi?"

"Ninyi mnapata nyumba ya mawe. Ina bati, ina tangi la maji, sakafu ya saruji. Mimi nahamia kwenye udongo wenu. Nani kapunjwa hapo?"

Hilo ndilo lililonichoma. Mwizi ungempigia mayowe, watu wangekuja na magongo. Huyu alikuwa ananipa kizuri kuliko nilichokuwa nacho, na alikuwa tayari kunyeshewa na mvua chini ya paa langu bovu kwa ajili ya tarakimu nne. Nilikwenda kwa chifu. Chifu akasema karatasi ni ya aliyeiokota, sheria haimlazimishi. Nilikwenda kwa wazee, nao wakakohoa. Mama Sidi alinijia na ndoo kichwani, hata kuitua hakuitua.

"Kadzo mwanangu, chukua ile nyumba kabla hajapata akili."

"Na makaburi?"

"Utayatembelea. Ni kichochoro tu."

"Wewe ungevuka kichochoro kumwomba mtu ruhusa ya kumsalimu mamako?"

Akaitua ndoo.

Yule mbuzi, lile paa, ile minazi iliyopinda, vyote ningeviacha. Lakini nilipokuwa msichana wa kulea wengine nikiwa bado sijalelewa, mahali pangu pa kuuliza palikuwa pale nyuma ya nyumba. Nilipoamua Dama aendelee na sekondari, nilikwenda pale nikawaambia. Karisa alipopata kazi hotelini, aliacha begi mlangoni akaenda kwanza kule. Ardhi yetu ndiyo hiyo. Hiyo nyingine ni ya kulimia tu.

Siku ya Alhamisi nikavuka tena. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumpa majukumu.

"Mwalimu, anayechukua ardhi yenye makaburi huchukua na waliolala humo. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kabla hujahamia, unawamwagia uji na tembo la mnazi kidogo, unawaita kwa majina, unawaambia wewe ni nani na umefuata nini. Na kila msimu wa kupanda, hivyo hivyo. Usipofanya, watakuwa na njaa, na mimi sitakuwa na haki ya kuingia kuwalisha."

Sikumtega. Nilitaka tu kujua ni nani atakayewaambia kwamba watoto wao wamehamia ng'ambo.

Alisikiliza kwa makini, kama anayepokea ratiba ya vipindi.

"Naliweza hilo," akasema. "Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi."

Alikuja jua likiwa bado chini. Alikuwa amevaa koti lake la kufundishia na tai, na mkononi ameshika kifuu cha nazi kilichojaa tembo, akikibeba mbali na mwili kwa sababu yeye hanywi na hakutaka limdondokee. Uji nilimpikia mimi. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikasimama kando. Dama alibaki mlangoni.

Makaburi ya wazazi wangu ni matuta mawili yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe. Mwalimu alisimama miguuni pao, akanyoosha tai, akakohoa.

"Hamjambo," akasema.

Akangoja kidogo, kwa mazoea.

"Nimekuja kuwajulisha kuhusu kiwanja hiki. Huenda hamkuwa na habari. Kiwanja hiki ni elfu nane mia moja ishirini na nane. Kinagawanyika kwa moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne." Akavuta pumzi. "Halafu mia moja ishirini na saba, mia mbili hamsini na nne, mia tano na nane, elfu moja na kumi na sita, elfu mbili thelathini na mbili, na elfu nne sitini na nne. Jumlisheni wenyewe."

Akawapa muda wa kujumlisha. Wallahi aliwapa muda. Alitazama juu ya matuta, kichwa kimeinama upande, kama msimamizi wa mtihani. Nyuma yangu nikamsikia Dama amejaza leso mdomoni ili asicheke, na mimi mwenyewe tumbo liliniuma kwa kujizuia. Baba yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja na aliyekuwa akimkimbia Mwalimu kwa kupitia nyuma ya banda la mbuzi, sasa alikuwa hana pa kukimbilia.

"Sawa," akasema Mwalimu alipoona wamemaliza. Akainamisha kifuu. Tembo lilikaribia ukingo, likasimama hapo.

Akageuka kunitazama.

"Majina," akasema.

Nikaiweka sufuria ya uji chini.

"Ulisema wanaitwa kwa majina. Nipe majina."

"Kwani huwajui, Mwalimu?"

"Ninawajua. Nimeishi nao mlango kwa mlango. Baba yako tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi."

"Ulikuwa ukimwitaje?"

Alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kwa uaminifu kabisa, kama anavyotafuta vigawanyo vya nambari ngumu, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

"Jirani," akasema mwishowe.

"Na mama? Aliyekuwa akikupelekea uji ulipovunjika mguu?"

Dama alikuwa ameacha kucheka.

"Mama Kadzo," akasema.

"Hilo ni jina langu."

"Basi nipe la kwake."

"Siwezi. Wanaitwa na mwenye kuwajua. Nikikutajia sasa hivi ukalirudia kama kasuku, watajua."

Ningeweza kumtajia. Desturi haikatazi. Hilo la kasuku nililitunga pale pale, na silijutii hata chembe.

Inzi wakaanza kulifuata tembo lililokuwa kifuuni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nambari yenyewe haina kosa."

"Haina, Mwalimu."

Akakiweka kifuu chini, juu ya jiwe, bila kumwaga hata tone. Akatoa saa yake ya mfukoni akaitazama.

"Chifu anafunga saa ngapi?"

Tulikwenda kwa miguu, maana hapakuwa na muda wa kuchagua tuktuk. Ofisini watu walikuwa wengi, wa dakika za mwisho kama sisi, na karani alikuwa amechoka na wino umemfika viwikoni. Akavuta karatasi bila kututazama.

"Mzee, unatoa kiwanja gani?"

Mwalimu akanyoosha tai.

"Mzee, nambari. Unatoa nambari gani?"

Mtu huyu ambaye hajapata kupita nambari bila kuisemea neno, alisimama mbele ya meza ile midomo inatikisika, na hakuna kilichotoka. Watu nyuma yetu wakaanza kusonya. Nikaitaja mimi. Karani akaandika, akamsukumia kidau cha wino, na Mwalimu akabonyeza kidole gumba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nje, juani, alijifuta wino kwa kitambaa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeishika karatasi yetu kwa mikono miwili. Nilitaka kukimbia nayo nyumbani.

"Sasa je?" akaniuliza. "Unaweza kunitajia?"

Nilimtajia la mama. La baba nikamwambia atalipata akimaliza kulizoea hilo la kwanza. Akalirudia mara moja, kisha mara ya pili taratibu zaidi, na herufi zake hakuzihesabu.